Barua ya wazi kwa vyuo vikuu vya Thika na Ruiru: likizo yetu ni muhula, ihesabuni hivyo

Kwa Wakuu, Wasajili wa Masomo na Wenyeviti wa Idara za Elimu,
Vyuo vikuu vinavyofundisha walimu wakati wa likizo Thika, Ruiru na vitongoji vyake,
Kaunti ya Kiambu.

KUH: MASOMO YA LIKIZO KWA WALIMU WALIO KAZINI

Waheshimiwa Maprofesa,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya umma upande wa Murang'a. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, wenzangu huenda shambani au kwa wakwe. Mimi hufunga mkoba na kushuka Thika kusomea shahada ya elimu. Nawaandikia hadharani kwa kuwa njia za ndani tumezitumia mpaka zikachakaa. Viongozi wetu wa madarasa wameandika barua, wamepanga foleni, wameambiwa "tutalishughulikia", na kikao cha masomo kinachofuata tumekuta mambo yaleyale.

Chuo changu sitakitaja. Nimezungumza na walimu wanaosoma kwingine, na kilio chao ni kile kile. Mkuu anayejua kwamba chuo chake hakimo katika haya aisome barua hii kwa amani. Anayejua kimo, tunangoja jibu lake.

Kwanza, shukrani, maana si haki kulalama tu. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, ukanda huu umekuwa mlango wa elimu kwa watu ambao zamani wangelazimika kuacha kazi ili wasome. Ukitoka Githurai unakutana na Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa, unapita Zetech Ruiru, unaiacha JKUAT Juja, unafika Thika na kukuta Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2011. Mwalimu wa Gatanga, Kandara, Matuu au Kangundo anapanda matatu asubuhi na saa mbili hajachelewa darasani. Hilo ni jambo kubwa.

Tena si jambo geni. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa shahada ya elimu kwa njia ya mbali kutoka bewa lake la Kikuyu mwaka 1986, na walimu wakawa wanakwenda huko shule zikifungwa ili wakutane na wahadhiri ana kwa ana. Hata huko Marekani, Harvard ilipoanzisha masomo ya msimu wa joto mwaka 1871, walimu wa shule walikuwa miongoni mwa waliolengwa tangu mwanzo. Shule ya likizo ilizaliwa kwa ajili ya mwalimu. Ndiyo maana inauma kuona mwalimu ndiye anayehudumiwa mwisho ndani yake.

Shida yenyewe ni hii: tunalipa karo ya muhula mzima, tunapewa makombo ya muhula. Saa ni zile zilizobaki, vyumba ni vile vilivyobaki, na mhadhiri ni yule aliyebaki na nguvu kidogo baada ya wanafunzi wa kawaida kuondoka. Nitayataja moja baada ya jingine.

1. Hesabu ya saa haitimii.

Somo moja la shahada kwa kawaida huhesabiwa saa 45 za mihadhara. Mwalimu anayesajili masomo matano anatakiwa kupata saa 225. Likizo za Aprili na Agosti ni kama wiki tatu. Ndivyo zilivyopangwa mwaka 2024, kwa mfano. Ukifundisha Jumatatu hadi Jumamosi, una siku 18. Toa tatu za mitihani, zinabaki 15. Gawanya: saa 15 za mihadhara kila siku, bila kula, bila kwenda msalani, bila kufungua kitabu.

Hakuna chuo kinachofundisha saa 15 kwa siku, na hatuombi kifanye hivyo. Lakini hati ya matokeo itakuja kuonyesha somo lilelile na uzito uleule kama la kijana aliyekaa darasani miezi mitatu na zaidi. Saa zilizopungua zimekwenda wapi? Jibu tunalopewa ni kwamba zinafidiwa kwa moduli na kwa masomo ya mtandaoni baada ya sisi kurudi shuleni. Sawa. Basi moduli zije kabla ya kikao, si siku ya kwanza ya kikao. Na hayo masomo ya mtandaoni yawe na ratiba, mhadhiri na majibu ya maswali. Kutupia faili katika kikundi cha WhatsApp saa nne ya usiku wa kuamkia mtihani si kufundisha.

2. Kalenda inatangazwa kana kwamba sisi hatuna mwajiri.

Wizara ya Elimu hutoa kalenda ya shule mapema, na kila mwalimu anajua siku ya kufunga na ya kufungua. Nyinyi pia mnaijua. Iweje basi ratiba ya kikao itoke wiki moja kabla, na pengine ionyeshe kwamba kikao kinaanza siku mbili kabla ya shule kufungwa? Siku hizo mbili mwalimu anajaza ripoti za wanafunzi na kukutana na wazazi. Akienda chuoni, mwalimu mkuu anamwandikia barua ya utoro. Akibaki shuleni, anakosa usajili na kutozwa faini ya kuchelewa.

Desemba ni mbaya zaidi kwa wenzetu wa sekondari. Wengi wao huitwa kusahihisha KCSE, na vituo vya usahihishaji havimruhusu mtu kwenda na kurudi anavyopenda. Mwalimu analazimika kuchagua kati ya malipo ya kusahihisha, ambayo ndiyo karo yenyewe, na kikao ambacho amekwisha kukilipia.

Kalenda hubadilika, hilo tunalielewa. Mwaka 2024 shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili. Mafuriko yakasogeza siku hiyo hadi tarehe 13 Mei. Mwaka 2021 na 2022, baada ya korona, likizo zilibanwa mpaka nyingine zikawa za siku chache tu. Ndiyo sababu chuo kinachofundisha walimu kinapaswa kuwa na mpango wa pili ulioandikwa, usiotegemea uvumi wa vikundi vya simu.

3. Alama zinapotea, na anayezitafuta si aliyezipoteza.

Katika chuo ninachokijua, dirisha la ofisi ya mitihani limebandikwa karatasi kwa selotepu: masuala ya alama ni Jumanne na Alhamisi pekee, saa tatu hadi saa sita. Mwalimu aliyekuja kwa wiki tatu ana Jumanne tatu na Alhamisi tatu, na saa hizohizo yuko darasani. Akifika dirishani anaulizwa: "Ulifanya mtihani lini? Nani alikufundisha? Una ushahidi kwamba ulifanya?" Anaambiwa amtafute mhadhiri. Mhadhiri alikuwa wa muda, mkataba wake umeisha, simu haipatikani. Anaambiwa arudie mtihani, na anaulipia tena.

Mtu anayeishi karibu na chuo anaweza kurudi kila wiki mpaka wamchoke. Mwalimu wa Mwingi au Kinangop hawezi. Somo moja lisilo na alama humzuia kuhitimu mwaka mzima, na mwaka huo una bei. Tangu sekondari msingi ianze Januari 2023, tume ya walimu, TSC, imekuwa ikiwahamishia huko walimu wa msingi wenye shahada. Mwenye shahada anahesabiwa. Mwenye "nimemaliza, bado alama moja" hahesabiwi. Tunajua walimu waliopitwa na nafasi kwa sababu ya kisanduku kimoja kilichoachwa wazi katika potali.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi kwa haraka, kwa ufanisi na kwa haki. Karatasi ya mtihani ikishapokelewa na kusainiwa na msimamizi, iko mikononi mwa chuo. Ikipotea, mzigo wa kuitafuta ni wa chuo.

4. Malazi ni kubahatisha, na mama mnyonyeshaji hana pa kwenda.

Agosti hapa kwetu ni mwezi wa baridi na manyunyu. Hosteli za chuo huwa zimeshikwa na wanafunzi wa kawaida, maana vyuo vingi sasa havifungi. Tunageukia nyumba za kupanga: Makongeni, Section 9, Kihunguro, Kimbo. Mwenye nyumba hataki kusikia habari ya wiki tatu. Anataka kodi ya mwezi na amana ya mwezi mwingine, na keateka anataka chake. Walimu wanne wanaingia bedsita moja, magodoro mawili sakafuni, na asubuhi wanagombania ndoo ya maji.

Kuna mama niliyekaa naye dawati moja kikao kilichopita. Mtoto wake alikuwa na miezi mitano. Alimleta na msaidizi wa kazi ambaye alishinda naye nje ya jumba la mihadhara, chini ya ukingo wa paa, mvua ikinyesha. Kila baada ya mhadhara mama alitoka mbio akanyonyeshe, akarudi na kukuta mhadhiri ameshaanza mwingine. Saa kumi na mbili na nusu jioni mtoto alilala kwenye leso juu ya benchi la nyuma, na somo la saikolojia ya makuzi ya mtoto likaendelea.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Nyinyi ni waajiri. Ikiwa chumba hicho kipo kwa ajili ya wafanyakazi, mfungulieni na mwanafunzi. Ikiwa hakipo, mna kosa mara mbili.

5. Wahadhiri tunaoletewa wamechoka, na wengine hawajalipwa.

Hatuna ugomvi na wahadhiri. Wengi wao ni watu wa moyo, na baadhi wametufundisha vizuri kuliko tulivyotarajia. Lakini masomo ya likizo yameegemezwa kwa wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa saa na mara nyingi kwa kuchelewa. Mhadhiri anafundisha asubuhi Thika, mchana Ruiru, jioni Nairobi. Anapofika kwetu ana sauti ya mtu aliyekwisha kusema hayo yote mara mbili siku hiyo. Na mhadhiri asiyelipwa hushikilia alama, kwa kuwa hiyo ndiyo silaha pekee aliyo nayo. Hapo ndipo hoja ya tatu na ya tano zinapokutana.

Wahadhiri wa vyuo vya umma walipogoma Septemba 2025 wakidai malimbikizo ya mkataba wao wa 2017 hadi 2021, mgomo uliendelea siku 49 mpaka Novemba. Wiki hizo hazikuwa na pa kufidiwa ila katika miezi iliyofuata, na mwezi unaofuata Novemba ni wetu. Kila mgogoro kati ya serikali na vyuo hutua juu ya mwanafunzi wa likizo, ambaye hakuulizwa wala hakuarifiwa.

6. Karo tunalipa yote, huduma tunapata nusu.

Mfumo wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023 unawahusu waliopangiwa vyuo na KUCCPS. Sisi hatumo. Tunajilipia, wengi kwa mkopo wa sacco unaokatwa kwenye hati ya mshahara. Hatulalamikii kulipa. Tunalalamikia kutozwa ada ya maktaba ambayo mlango wake unafungwa kabla mihadhara yetu haijaisha, ada ya matibabu katika zahanati isiyo na mtu Jumamosi, na ada ya michezo ambayo hata uwanja wenyewe hatujaonyeshwa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma za ubora unaofaa. Hakikusema "isipokuwa Agosti".

Yalikuwapo pia malipo tuliyobebeshwa kwa amri. Septemba 2021 TSC ilitangaza mafunzo ya lazima ya kuendeleza walimu na kuteua taasisi nne za kuyatoa, mbili kati yazo zikiwa vyuo vya ukanda huu. Kila mwalimu alitakiwa alipe shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Vyama vya walimu vikapinga, na mradi ukafikishwa mahakamani. Somo lililobaki ni kwamba mwalimu anaonekana kama mfuko wa kuchotwa kila likizo. Chuo kinachotaka kuaminika kijitenge na mtazamo huo kwa kuonyesha kila shilingi imenunua nini.

7. Walimu wenye ulemavu wa macho wamesahaulika kabisa.

Haya yanatokea Thika, mji wenye shule ya vipofu iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu katika miaka ya 1940, shule iliyotoa walimu na mawakili kwa taifa hili. Walimu hao nao wanasoma shahada za juu. Moduli wanazopewa ni picha za kurasa zilizopigwa kwa skana, ambazo programu ya kusoma kwa sauti haiwezi kuzitamka. Wanategemea mwenzao awasomee usiku, baada ya wote wawili kushinda darasani kutwa. Mwandishi wa moduli ana faili ya maandishi kwenye kompyuta yake. Kuituma hiyo badala ya picha hakugharimu hata senti.

Waheshimiwa, mtasema kwamba tuliyajua haya kabla ya kujisajili, na kwamba anayetaka muhula kamili achukue likizo ya masomo. Likizo ya masomo hutolewa kwa wachache, na shule yenye upungufu wa walimu haimwachi mtu aende. Mtasema pia kwamba mkipunguza masomo kwa kila kikao, shahada itachukua miaka mingi zaidi. Ni kweli. Niwaambie tunavyosema sisi tukiwa kwenye foleni ya chai: afadhali mwaka mmoja zaidi na kichwa kilichojaa, kuliko kofia ya mahafali juu ya kichwa kitupu. Msidhani sote tumekuja kununua cheti. Anayetaka cheti tu hahitaji kulala sakafuni Makongeni.

Tunayoomba ni haya, na kila moja linaweza kufanyika bila kujenga jengo lolote:

(a) Kikomo cha masomo matatu kwa vikao vya Aprili na Agosti, na saa za ana kwa ana zitangazwe kwa kila somo kabla ya mtu kulipa.

(b) Kalenda ya mwaka mzima ya masomo ya likizo itolewe mwezi mmoja baada ya wizara kutoa kalenda ya shule, pamoja na mpango wa dharura, na kikao maalum cha mitihani kwa wanaosahihisha KCSE.

(c) Alama zote ziingizwe kwenye potali kabla ya kikao kinachofuata kufunguliwa. Zikikosekana, chuo kizitafute chenyewe, na marudio ya mtihani yasilipiwe na mwanafunzi aliye na saini ya mahudhurio.

(d) Dawati la wanafunzi wa likizo, lenye afisa mwenye jina na nambari ya simu, lifunguliwe hadi saa moja jioni na Jumamosi, kikao kinapoendelea.

(e) Sehemu ya vyumba vya hosteli itengwe kwa bei ya wiki, na chumba cha kunyonyeshea kifunguliwe kwa wanafunzi.

(f) Wahadhiri wa muda walipwe kabla ya kikao kinachofuata kuanza, na chuo kitangaze kwamba wamelipwa.

(g) Maktaba na zahanati zifuate ratiba yetu, la sivyo ada zake zifutwe.

(h) Moduli zote zitolewe kwa maandishi yanayosomeka na programu za sauti, wiki nne kabla ya kikao.

Tunaomba pia kila chuo kikutane na wawakilishi wa walimu wanafunzi kabla ya kikao kijacho, na yaliyokubaliwa yaandikwe na kubandikwa palepale ilipobandikwa karatasi ya Jumanne na Alhamisi. Tusipopata jibu, tutapeleka malalamiko haya kwa Tume ya Haki ya Utawala na kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, tukiwa na risiti, ratiba na orodha za mahudhurio. Tumezihifadhi.

Mkumbuke ni nani mnayemfundisha. Mwanafunzi wa kawaida akifundishwa vibaya, hasara ni yake kwanza. Mwalimu akifundishwa vibaya Agosti, mwezi unaofuata amesimama mbele ya watoto hamsini na kitu, na mtaala wa umilisi unamtaka afanye nao majaribio ya sayansi ambayo yeye mwenyewe alisomewa kwenye slaidi dakika kumi kabla ya chakula. Watoto hao hawakusaini fomu yoyote ya usajili, wala hawana dirisha la kupeleka malalamiko. Baada ya miaka michache watakuja kugonga milango yenu, na wahadhiri watauliza kwa nini hawajui kuandika aya. Jibu mtakuwa nalo.

Wenu mtiifu, na wenu anayelipa,

Mwalimu, mwanafunzi wa likizo, Thika

Nakala kwa:
Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu
Tume ya Huduma za Walimu
Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET
Kamati ya Elimu, Bunge la Taifa